Kiunganishi "Na" katika Vita vya Kagera

Vita vilivyopiganwa baina ya Tanzania na Uganda, kuanzia Oktoba 1978 hadi Juni 1979, vina majina matatu, na kila jina limebeba hoja yake. Vitabu vya shule na hotuba za viongozi husema Vita vya Kagera. Waganda waliokuwa uhamishoni walivisema vita vya ukombozi. Na katika vitongoji vya Dar es Salaam, kutoka Temeke na Tandika hadi Mwananyamala na Manzese, mtu mzima akitaka kukumbuka mwaka aliooa au mwaka aliosimamisha nguzo za nyumba yake ya kwanza, atasema ilikuwa mwaka wa "vita ya Amini". Kinondoni wanalo hata jina Kagera lenyewe: kule Magomeni kipo kituo kiitwacho hivyo, makondakta wamelinadi kwa miaka mingi, na tangu 2016 mabasi ya mwendokasi yanasimama hapo. Abiria anashuka, anavuka barabara, wala mto haumjii akilini. Vita akivitaja, anavitaja kwa jina la mtu.

Tofauti hii si ya lahaja, wala si ya ulegevu wa ulimi. Kagera ni mahali. Apiganaye kwa ajili ya mahali ni mwenye nyumba aliyevamiwa, na hakuna sheria duniani, ya dini wala ya mataifa, imkatazayo mwenye nyumba kumtoa mwizi ukumbini mwake. Amin ni mtu. Apiganaye na mtu hatulii kwa kufika mpakani, kwa sababu mtu ana miguu na nyuma yake ana makao. Anayesema Vita vya Kagera amekwisha kujibu swali la haki kabla halijaulizwa, na anayesema vita ya Amini ameliacha wazi. Swali lenyewe liliwashughulisha marais katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Monrovia, Julai 1979, na limewashughulisha wazee wa barazani hadi meno yamewatoka: je, Tanzania ilikuwa na haki ya kuvuka mpaka na kwenda hadi Kampala? Fasihi ya Kiswahili, ambayo ndiyo ingepaswa kuliuliza kwa lugha ya wale waliolipa gharama, ililipita kwa adabu, kama mtu apitaye penye msiba usiomhusu.

Tuanze na yasiyobishaniwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka na kuikalia ardhi iliyo baina ya mpaka huo na Mto Kagera, yapata kilomita za mraba 1,800. Tarehe 1 Novemba Idi Amin akatangaza kwamba ardhi ile sasa ni ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka lilibomolewa kwa baruti. Ng'ombe waliswagwa, nyumba zilichomwa, na raia wapatao 1,500 wanakadiriwa kuuawa. Kwa hayo, atakayesema kwamba Tanzania haikuwa na haki ya kuirudisha ardhi ile anabishana na jua. Wala huko Temeke au Kinondoni hakujapata kuwa na baraza la maana lililobishania hilo. Ubishi ulianza mahali ambapo mto uliishia.

Tarehe 2 Novemba 1978 Julius Nyerere alilihutubia taifa, na hotuba ile imebaki kuwa nathari ya Kiswahili iliyokaririwa kuliko nyingine yoyote ya karne iliyopita. Nguzo zake tatu, uwezo, sababu na nia, zimekwisha kuwa mali ya kila mtu. Wagombea ubunge huzitumia, washabiki wa mpira huziimba wakielekea uwanja wa Temeke, na kila mmoja huzipanga kwa mfuatano anaoupenda. Waliozisifia nguzo hizo wamesifia utatu wake na mizani yake, na wana haki. Lakini walioisikiliza kama wanafunzi wa lugha wangetua kwenye kitenzi kilichobebwa na nguzo zote tatu: kumpiga. Siyo kuikomboa ardhi, wala kuwatoa wavamizi, wala kuyarudisha majeshi yao yalikotoka. Katikati ya kitenzi kile imekaa herufi moja, "m", kiambishi cha yule anayetendwa, na anayetendwa ni mtu mmoja ambaye usiku ule hakuwa Kyaka wala Mutukula bali Kampala. Sarufi ilikwisha kuvuka mpaka miezi miwili na zaidi kabla ya majeshi.

Haisemwi hapa kwamba Mwalimu alikuwa na njama. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba mwanzoni shabaha ilikuwa kuwafukuza wavamizi tu, na operesheni iliyofanya kazi hiyo, ikapewa jina la Chakaza, ilitimiza azma yake kabla mwaka haujaisha. Yanayosemwa ni madogo kuliko njama na ni mazito zaidi: kwamba msemaji mahiri, mfasiri, mtu aliyeijua thamani ya kila silabi, alichagua neno ambalo lilikuwa kubwa kuliko sababu aliyokuwa nayo siku ile. Neno likikuzidi, ama utalipunguza, ama utakua ulijaze.

Lilijazwa. Januari 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia Mutukula, upande wa Uganda, na majengo ya mji ule mdogo yakasawazishwa kwa matingatinga. Mwishoni mwa Februari yaliingia Masaka na Mbarara, na miji hiyo miwili ikabomolewa kwa mizinga na baruti, kiasi kikubwa kwa ajili ya kulipiza yaliyofanywa Kagera. Machi Libya ikaingia kumsaidia Amin. Ndege yake moja ilitumwa kuupiga mji wa Mwanza, ikakosea, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. (Kiswahili hakikosi mzaha: yupo mtunzi gani asiyeona kwamba swala wale walistahili angalau beti mbili?) Mwisho wa mwezi huo wakimbizi wa Kiganda walikutanishwa Moshi wakaunda umoja wao, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Muda wote huo Serikali ilisimamia maelezo mahususi: kwamba kulikuwa na vita viwili. Kimoja kilikuwa cha Tanzania dhidi ya uvamizi, na kingine kilikuwa cha Waganda wenyewe dhidi ya dhalimu wao. Maelezo hayo yalihitajika, kwa kuwa mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikataza nchi moja kuingilia mambo ya ndani ya nyingine, na Tanzania ilikuwa mmoja wa walioutia saini.

Hapo ndipo fasihi inapoingia, na inaingia kwa mguu usio wake. Mwaka 1980 Baldwin Mzirai alitoa kitabu cha masimulizi ya mapambano, *Kuzama kwa Idi Amin*. Mwaka huo huo ikatoka filamu ya serikali, *Vita vya Kagera*, iliyoonyesha ushujaa wa wapiganaji. Mwaka 1981 Henry Muhanika akachapisha *Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada*. Hizi ni kazi za watu waliofanya walichoweza katika wakati mgumu, na hapana sababu ya kuzidharau. Bila ya hizo Kiswahili kingekuwa na deni kubwa zaidi. Majina yake, hata hivyo, yanastahili kusomwa taratibu, kwa sababu jina la kitabu ni ubeti wa kwanza ambao kila mtu husoma, hata asiyekifungua.

Katika jina la utenzi, kati ya vita na anguko, lipo neno la herufi mbili: "na". Kiunganishi hiki katika Kiswahili ni kipole mno. Hakisemi "kwa sababu", hakisemi "kisha", hakisemi "hatimaye". Kinaviweka vitu viwili bega kwa bega na kutuachia tudhani vimezaliwa pamoja. Serikali ilikuwa imesema vita ni viwili. Jina linaviunganisha, na umbali wa miezi na mamia ya kilomita kutoka Kyaka hadi Kampala unamezwa na silabi moja. Ubishi wote wa Monrovia ulihusu silabi ile. Aliyeitetea Tanzania kule alisema kwamba cha pili kilifuata cha kwanza kwa lazima, kwa vile nyoka hafukuzwi mlangoni akaachwa uani. Aliyeilaumu alisema kwamba cha pili kilikuwa kitu kingine kabisa, chenye kuhitaji idhini yake. Miongoni mwa waliolaumu walikuwamo Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria, watawala wawili wa kijeshi, jambo ambalo halikukosa kuchekesha. Lakini hoja haifi kwa sababu ya mdomo ulioitoa.

Tazama sasa vitenzi vilivyofichwa ndani ya majina hayo mawili. Kuzama. Kuanguka. Idi Amin hazamishwi, anazama, haangushwi, anaanguka. Katika hotuba ya Novemba kulikuwa na "sisi" wenye kutenda na "yeye" mwenye kutendwa, na ujasiri wa hotuba ile ulikuwa hapo: msemaji alisimama mbele ya kitenzi chake. Katika majina ya vitabu vilivyofuata mtendaji ametoweka. Dhalimu anaanguka kama embe lililoiva, na hapana aliyeutikisa mti. Sheria ya mataifa ilikuwa ikiuliza nani. Lugha ya fasihi ikajibu kwa kitenzi kisicho na nani. Kama ni hadhari au ni mazoea ya lugha yetu, ambayo hupenda kuyaacha makubwa yajitendekee, kila msomaji atapima.

Utanzu wenyewe una sehemu ya lawama. Utenzi wa vita ni urithi mkongwe wa pwani, tangu ule wa Tambuka wa karne ya kumi na nane, na umekuwa daima chombo cha kuhesabu na kutukuza. Lakini tenzi mbili za vita zilizo karibu zaidi na sisi, ule wa Hemedi bin Abdallah juu ya Wadachi kuutamalaki Mrima na ule wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Maji Maji, zilitungwa na watu wa upande ulioshindwa. Aliyeshindwa analazimika kuuliza kwa nini. Anawatazama mashujaa wake na hapohapo anayahesabu makosa yao, na utenzi unapata vyumba viwili. Shaaban Robert, alipotunga juu ya vita vya 1939 hata 1945, alikuwa raia wa koloni akivitazama vita vya wakubwa, naye akalazimika kuijenga haki ya vita hivyo tofali kwa tofali kabla ya kuisifu. Vita vya Kagera vilikuwa vya kwanza ambavyo mtunzi wa Kiswahili wa Tanzania alivipokea akiwa mshindi na mwenye dola. Chumba cha pili kikafungwa.

Na aliyekifunga zaidi ni neno "nduli". Ni neno la zamani kuliko vita vyenyewe, maana yake mtu katili auaye bila huruma, na huenda lingebaki kuwa neno la nadra la kamusi na la washairi kama siyo mwaka 1978. Tangu siku zile lilipata mwenyewe. Likaandikwa magazetini, likasikika redioni, likaambatanishwa na "fashisti" ambalo wengi hawakulielewa na hawakuhitaji kulielewa. Amin alilistahili, makaburi ya Uganda yanashuhudia. Ila neno la namna hii lina kazi mbili. Linaeleza ukweli kuhusu mtu, kisha linakataza swali kuhusu yeyote mwingine. Ukiuliza kwa nini majengo ya Mbarara yalibomolewa baada ya askari wa nduli kukimbia, utaulizwa kama unamtetea nduli. Shairi linaloanza kwa neno hili limekwisha kwisha. Kilichobaki ni kujaza vina.

Iwapo shaka iliandikwa mahali, iliandikwa kwa Kiingereza. Wanahabari Tony Avirgan na Martha Honey, waliofuatana na majeshi, walitoa kitabu chao 1982, nacho kilichapwa papa hapa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House. Ndani yake yamo mazuri ya jeshi lile na yamo ya Masaka na Mbarara. Kijitabu ambacho Serikali iligawa Monrovia kujitetea kilikuwa kwa Kiingereza. Makala za wanahistoria zilizokuja baadaye, hivyo hivyo. Hesabu ya mgawanyo huu ni rahisi na ni ya aibu: hoja zilipewa wenye Kiingereza, sifa zikapewa wenye Kiswahili. Mgambo wa Tandika aliyeitwa kazini kwake na kupelekwa mbele, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye "yes sir", alipewa utenzi wa kujivunia. Hakupewa kitabu cha kumwambia kwamba yale aliyoyaona Masaka na ambayo hayakumpa usingizi yalikuwa pia yakijadiliwa na watu wengine.

Waliokwenda hawakuwa wachache. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 lilipanuka likapita 150,000, na miongoni mwao wanamgambo walikadiriwa kufikia 40,000. Lugalo iko Kinondoni, Mgulani iko Temeke. Vitongoji hivi viliishi na kambi ukutani. Waliokufa, kwa hesabu inayotajwa na wanahistoria, ni askari 373, na 96 tu kati yao ndio waliouawa katika mapigano. Wengine wote waliondoka kwa ajali na maradhi. Nani ametunga juu ya kijana wa Keko aliyekufa kwa lori kupinduka? Utenzi wa kishujaa haujui pa kumweka. Hakupiga, hakupigwa, hakuangusha wala hakuanguka kwa risasi. Mama yake alipewa taarifa ileile waliyopewa wengine, na kwake swali la kama vita vilikuwa vya haki lina uzito ambao hakuna mwanasheria wa Monrovia aliyeubeba.

Mdomoni mwa watu, lakini, ubishi uliendelea bila kibali cha fasihi. Barazani Temeke, vijiwe vya kahawa vya Magomeni, kwenye foleni za sukari na sabuni, kila upande ulikuwa na hoja zake, na hazikuwa hoja za kitoto. Wapo waliosema, na bado wanasema, kwamba mtu aliyevamia mara moja na kuachwa salama angevamia tena, na kwamba ahadi zake zilijulikana thamani yake. Waliwajibiwa na wengine waliokumbuka kwamba Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka kutoka Tanzania kumshambulia Amin, wakashindwa, na nchi mbili zikapatanishwa Mogadishu. Kwamba Obote mwenyewe alikaa miaka ile Dar es Salaam akiheshimiwa kama mgeni wa Ikulu. Na kwamba kwa hiyo anayesema vita vilianza Oktoba 1978 ameanza hadithi katikati. Wapo waliovitazama kwa macho ya dini, kwa vile Amin alikuwa Muislamu, naye mwenyewe alijitahidi kuvipa sura hiyo, na Libya ikaja juu yake. Hao walijibiwa haraka na orodha ya majina: mkuu wa majeshi ya Tanzania alikuwa Abdallah Twalipo, na miongoni mwa makamanda alikuwamo Yusuf Himid wa hapa Visiwani. Hoja hii haikustahili zaidi ya dakika hizo, na barazani haikupewa zaidi.

Kisha zikaja hoja za tumbo. Baada ya ushindi wananchi waliombwa wafunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Katika Kiswahili cha vitongojini hakuna hesabu iliyochekwa na kuliliwa kama hiyo. Miezi kumi na minane ikapita, ikaja mingine. Bidhaa zikafichwa, ulanguzi ukanawiri, na 1983 wakaja wa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka huohuo vijana wasio na kazi wakakamatwa mitaani kupelekwa mashambani kwa jina la Nguvu Kazi. Mtaalamu wa uchumi atasema, na atasema kweli, kwamba yote hayo hayawezi kutwishwa vita peke yake: bei ya mafuta ilipanda 1979, bei ya kahawa ilikuwa imeshuka, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Mtaani hesabu hizi hazikuonekana. Kilichoonekana ni kwamba kabla ya vita sabuni ilikuwapo. Hivyo miezi kumi na minane ikawa ushairi pekee wa upinzani uliotungwa na vita vile: maneno ya kiongozi yakarudishwa na watu yakiwa yamegeuzwa kibao tu, bila kuongezwa hata neno moja.

Kwa nini haukutokea mwingine? Mila ilikuwapo. Ukurasa wa mashairi wa *Uhuru* uliishi kwa kujibizana. Malenga wa Tanga alimwuliza wa Mafia, wa Mafia akajibu, na wa Lindi akaingilia asiyeitwa. Ngonjera, alizozieneza Mathias Mnyampala kupitia UKUTA, zilikuwa kwa umbo lake mabishano: huyu anasema hili, yule analikataa. Ila ngonjera ilikuwa imekwisha kufugwa. Mwanafunzi yeyote aliyeigiza moja anajua kwamba anayekataa katika ubeti wa tatu atakuwa amekubali kabla ya wa mwisho, na wote wataimba pamoja. Muziki wa dansi nao ulikuwa na waajiri: Vijana wa chama, Polisi Jazz, Mwenge wa jeshi. Mtunzi aliyekula mkate wa taasisi hakutegemewa kuuliza taasisi inakwenda wapi. Mashairi ya vita yaliyotoka wakati ule yakawa ni ngonjera zisizo na sauti ya pili tangu ubeti wa kwanza.

Hasara yake si kwamba Serikali haikulaumiwa. Inawezekana kabisa kwamba vita vya pili navyo vilikuwa vya haki. Wiki zilezile, Januari 1979, Vietnam iliingia Phnom Penh na kumwondoa Pol Pot, muuaji kuliko Amin, na Umoja wa Mataifa ukaendelea kwa miaka mingi kukipa kiti upande wake aliyeondolewa. Dunia iliyofanya hivyo haina kinywa cha kuifundisha Tanzania adabu. Lakini haki ya vita vya pili ilihitaji sababu zake yenyewe: maelfu kwa maelfu ya Waganda waliouawa tangu 1971, ukimya wa Afrika, ukosefu wa njia nyingine. Sababu hizo zilikuwapo na zilikuwa nzito. Watunzi wakazikopa za Kagera badala yake, kwa sababu za Kagera zilikuwa tayari na hazikuwa na ubishi. Mwenye mali akienda kukopa, majirani huanza kushuku kama mali yake ni ya kweli.

Na yaliyofuata Uganda yalizidisha shuku. Yusuf Lule alikaa Ikulu siku 68. Akaja Binaisa, naye akaondolewa. Desemba 1980 ukafanyika uchaguzi uliomrudisha Obote, matokeo yake yakakataliwa na wapinzani, na kutokana na hilo vikaanza vita vya Luwero, ambavyo maiti zake zilimfanya Mganda ajiulize kama aliyeanguka ni udhalimu au ni dhalimu mmoja tu. Wengi wa askari wa Tanzania waliondoka 1981. Mwaka huohuo ndio utenzi ulichapwa. Neno "anguko" lilikuwa bado lina harufu ya wino wakati Waganda walipokuwa wanaanza kukimbia tena. Ikiwa sababu ya vita vya pili ilikuwa ni Amin peke yake, basi kazi ilikwisha 11 Aprili. Ikiwa ilikuwa ni Waganda, kazi ilikuwa haijaanza. "Nia" ya hotuba ile ingehitaji kufasiriwa upya, na mfasiri hakutokea.

Ajabu ni kwamba mwenye hotuba mwenyewe alikuwa amekwisha kutupa kielelezo. Mwaka 1963 Nyerere alitoa tafsiri ya *Julius Caesar* ya Shakespeare, akaipiga msasa na kuitoa tena 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Tamthilia ile nzima ni swali hili: je, ni haki kumwondoa mtawala kwa nguvu kwa yale aliyoyafanya, au kwa yale anayohofiwa kuyafanya? Na Shakespeare, tofauti na ngonjera, hakumpa mtu ubeti wa mwisho wa kukubali. Brutus anapanda jukwaani na kutoa sababu, fupi, zilizonyooka, za mtu mkweli, umati unamshangilia. Antony anapanda baada yake. Hatoi sababu. Anawaonyesha joho lililotobolewa na maiti iliyo chini yake, jeraha baada ya jeraha, na umati uleule unageuka. Mfasiri wa Kiswahili alilazimika kuzitafutia hotuba hizo mbili nguvu sawa, asimpendelee hata mmoja, maana akimdhoofisha mmoja mchezo unakufa. Alifanya hivyo akiwa kiongozi wa nchi. Juu ya Kagera tunayo hotuba ya Brutus, kamili, kwa Kiswahili kisicho na doa. Ya Antony, yenye kuwaonyesha watu miili ya Kyaka na ya Masaka pamoja, ya aliyepigwa risasi na ya aliyepinduliwa na lori, haijatungwa.

Msomaji wa tamthilia ile atakumbuka pia onyesho fupi linalofuata mara baada ya hotuba mbili, ambalo wengi hulipita. Umati unakutana njiani na mtu aitwaye Cinna, jina moja na mmoja wa waliomwua Kaizari. Anawaambia kwamba yeye si yule, yeye ni mshairi. Mmoja wao anasema basi auawe kwa ubaya wa tungo zake. Wanamrarua.